Sinema za Mwaka 2021 na Sikio la Msemaji wa Kiswahili

Mwaka 2021 ulikuwa mwaka wa neema kwa wapenzi wa sinema, ijapokuwa haukuanza hivyo. Majumba mengi ya sinema yalikuwa yamefungwa mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya UVIKO-19, na picha zilizokuwa tayari ziliwekwa akiba hata milango ifunguliwe. Ilipofunguliwa zikatoka kwa mkupuo, kubwa kwa ndogo, na kila mpenzi wa sinema akaanza kutengeneza orodha yake: ipi ya kwanza, ipi ya pili, ipi ya kusahauliwa. Orodha za namna hiyo zina faida yake, walakini hupima mambo yale yale kila mwaka, yaani uigizaji, muziki, uzuri wa picha na mpango wa hadithi. Liko jambo moja ambalo hupimwa kwa nadra, nalo kwa mwaka huo ndilo lililozitenga sinema bora na zile za wastani: namna sinema inavyoitendea lugha asiyoifahamu mtazamaji wake.

Kwa wasomi wa Kiswahili jambo hili si la kupuuzwa. Mtazamaji wa Afrika Mashariki tangu mwanzo amekuwa mtu wa kutazama picha zinazosemewa na mwingine. Katika majaribio ya sinema za elimu yaliyofanywa Vugiri, katika milima ya Usambara, tangu 1935 hata 1937, zilipigwa filamu 35. Watu walioonekana walikuwa Waafrika, lakini maelezo ya Kiswahili na ya lugha nyinginezo yalitiwa katika sahani za santuri na kuchezwa kando ya picha. Midomo ilikuwa ya huyu na sauti ya yule. Miaka mingi baadaye, katika vibanda umiza vya Dar es Salaam na miji mingine, akatokea mfasiri wa kanda, aliyesimulia kwa Kiswahili picha za Marekani, za Hong Kong na za Bara Hindi, akatia mizaha na mafumbo, akawapa majambazi wa ng'ambo majina ya mitaani. Mfasiri huyo aliinyang'anya picha sauti yake akaifanya mali ya wasikilizaji wake. Wako waliomcheka kwa kukosa uaminifu. Hata hivyo alielewa jambo ambalo waandishi wa tafsiri za chini ya picha hulisahau, kwamba maneno ya mwigizaji yana sauti, na sauti haifasiriki kwa mstari mmoja wa maandishi unaopita kabla jicho halijatua.

Msomaji aliyezoea hali hiyo hatastaajabu kuona kwamba sinema ya mwaka 2021 iliyofikiri kwa kina zaidi juu ya lugha ilitoka katika nchi ya Japani. Drive My Car, ya mwelekezi Ryusuke Hamaguchi, imetokana na hadithi fupi ya Haruki Murakami, nayo inakaribia muda wa saa tatu. Ilipata tuzo ya uandishi wa filamu katika tamasha la Cannes mwezi wa Julai 2021, na mwezi wa Machi 2022 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu ya kimataifa. Kisa chake ni cha Yusuke Kafuku, mwigizaji na mwelekezi wa michezo ya jukwaani, ambaye amefiwa na mkewe, na ambaye anakwenda Hiroshima kutayarisha mchezo wa Chekhov uitwao Mjomba Vanya. Waigizaji wake wamekusanywa kutoka nchi mbalimbali, na kila mmoja husema kwa lugha yake: huyu Kijapani, huyu Kichina, huyu Kikorea, na mmoja, ambaye anasikia lakini hasemi, hutumia lugha ya alama ya Kikorea. Hakuna lugha ya pamoja jukwaani. Watazamaji wa mchezo huo husoma tafsiri juu ya jukwaa.

Jambo lenyewe laweza kuonekana kama kiini macho cha wasomi. Hamaguchi hakuliacha liwe hivyo, kwa kuwa alionyesha kazi. Sehemu kubwa ya filamu inawaonyesha waigizaji wameketi mezani, wakisoma maneno yao polepole, bila kutia hisia yoyote, siku baada ya siku, hata wachoke. Kafuku hataki waigize. Anataka wasikie. Mtu asiyejua Kikorea hawezi kungoja neno fulani ndipo ajibu; yampasa asikilize pumzi, mwendo wa sauti na kituo chake. Hapo mtazamaji anatambua kwamba watu wasemao lugha moja hawasikilizani nusu ya hivyo, kwa kuwa kila mmoja anadhani amekwisha elewa. Ndiyo siri ya ndoa ya Kafuku na mkewe: walisemezana kwa lugha moja miaka mingi, wala hakulisikia lile alilokuwa akiambiwa.

Katika sehemu ya mwisho wa mchezo, msichana Sonya anasimama nyuma ya Vanya, anaizungusha mikono yake mbele ya uso wa mjomba, na kumwambia maneno ya kumliwaza kwa vidole. Jukwaa limekuwa kimya. Wanaojua tamthilia hiyo huyakumbuka maneno yake, wasioijua husoma. Walakini katika ukimya ule hata msomaji huacha kusoma, akatazama mikono. Sinema chache za mwaka huo zilimfikisha mtazamaji mahali pa namna hiyo, na si ajabu kwamba wahakiki wengi waliitia katika nafasi za kwanza.

CODA, ya mwelekezi Sian Heder, nayo ni filamu ya lugha ya alama, na ndiyo iliyoshinda tuzo kuu ya Oscar mwezi wa Machi 2022. Ni hadithi ya binti asikiaye katika nyumba ya wavuvi viziwi wa Marekani, ambaye anapenda kuimba, nayo imefuata filamu ya Kifaransa ya mwaka 2014. Mpango wake unajulikana tangu dakika ya kumi. Troy Kotsur, aliye kiziwi mwenyewe, aliigiza baba na kupata tuzo kwa haki. Iko sehemu moja inayopita zote: binti anaimba mbele ya watu, na katikati ya wimbo sauti yote inakatwa, mtazamaji akabaki na wazazi katika ukimya wao, akitazama nyuso za majirani ili apate kujua kama mtoto anaimba vema. Filamu yote ingalijengwa juu ya ujasiri huo ingalikuwa kazi nyingine. Mahali pengi sana lugha ya alama inafanywa chombo cha kuchekesha, au kizuizi cha kumpandisha binti ngazi.

Steven Spielberg alichagua njia ngumu zaidi. Katika West Side Story, iliyotoka mwezi wa Desemba 2021, Wapuerto Riko wa New York wanasema Kihispania kwa muda mrefu, wala hapana tafsiri chini ya picha. Mwelekezi alieleza kwamba kuweka maandishi ya Kiingereza kungalikipa Kiingereza mamlaka juu ya Kihispania. Neno hilo lina uzito, na kila aliyesoma historia ya lugha katika Afrika Mashariki ataliunga mkono upesi. Lakini yafaa litazamwe tena. Katika filamu hiyo, kila jambo lililo la lazima kwa hadithi linarudiwa kwa Kiingereza kabla au baadaye, au linaonekana wazi kwa matendo. Anita mwenyewe, aliyeigizwa kwa moto mkubwa na Ariana DeBose, huwahimiza wenzake waseme Kiingereza. Basi Kihispania kimeheshimiwa kwa kuachwa bila tafsiri, na papo hapo kimepewa kazi nyepesi: hasira, mapenzi, mizaha ya jikoni. Heshima ya lugha si kutofasiriwa peke yake. Lugha huheshimiwa inapopewa jambo ambalo mtazamaji hawezi kulikosa bila kupata hasara. Filamu haikurudisha gharama zake katika majumba ya sinema, jambo la kusikitisha, kwa kuwa uchezaji wake wa ngoma ulikuwa bora kuliko wowote wa mwaka huo.

Dune, ya Denis Villeneuve, ilipata fedha nyingi na tuzo sita za Oscar. Ni picha ya kutetemesha masikio. Mchanga wa jangwa, uliopigwa katika Jordan na Abu Dhabi, unaonekana kama bahari. Kwa mwenye sikio la Kiswahili ina furaha ya pekee, ambayo huenda hata watengenezaji wake hawakuikusudia. Wenyeji wa jangwa wanamwita kijana mgeni Lisan al-Gaib, na filamu inatoa maana yake kana kwamba ni neno la sayari ya mbali. Msomaji wa tenzi anaijua lisani kuwa ni ulimi, na ghaibu hahitaji kufundishwa. Mtu wa pwani aliyefiwa na nduguye katika nchi ya mbali husema amefia ghaibuni. Basi anayesikia jina lile anaelewa mara moja, tena kwa usahihi kuliko tafsiri yenyewe: ni ulimi utokao ghaibuni. Kadhalika mnyama mkubwa wa mchangani, Shai-Hulud, ana harufu ya umilele kwa aliyesikia khuludi katika mawaidha. Frank Herbert, aliyeandika riwaya hiyo mwaka 1965, alikopa kwa mkono mkunjufu kutoka Kiarabu na katika mambo ya Uislamu. Filamu imekopa kwa mkono wa birika. Neno jihadi, ambalo ni kama mhimili wa riwaya, limeepukwa, na mahali pake pakawekwa vita vitakatifu. Na lawama zilitolewa kwamba waigizaji wakubwa wenye asili ya Kiarabu hawakuonekana katika kundi lake. Lugha imechukuliwa na wenyewe wakaachwa nje. Uzuri wa picha hauwezi kuliziba pengo hilo.

Neptune Frost iko upande wa pili kabisa, kwa gharama na kwa nia. Ilionyeshwa Cannes mwezi wa Julai 2021, nayo iliongozwa na Saul Williams, mshairi wa Marekani, pamoja na Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda. Kisa kimewekwa katika Burundi na picha zikapigwa Rwanda. Ni mchezo wa nyimbo juu ya wachimbaji wa madini ya koltani na vijana wanaovunja mitambo ya kompyuta ya dunia kutoka katika kijiji cha takataka za mashine. Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza vinapokezana humo, pengine katika wimbo mmoja. Mfululizo wa hadithi hukatika mara kwa mara, na mtazamaji asiye na subira atainuka. Aliyekaa atapata jambo ambalo sinema za Afrika hulionyesha kwa nadra: watu wa maziwa makuu wakibadili lugha kama wanavyobadili katika masoko yao, bila mtu kueleza kwa nini. Kiswahili humo si lugha ya pwani wala ya shule. Ni njia ya kupitia. Hata jina la mchimbaji, Matalusa, ni funzo dogo la fonolojia: jina la Martin Luther King limepita katika vinywa vya watu, likapoteza konsonanti zake za mwisho, likatoka na silabi wazi nne kama neno lo lote la Kibantu.

Binti, ya Seko Shamte, yafaa itajwe hapa ijapokuwa kwa maneno machache. Inasimulia habari za wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na mzigo wake, deni, kipigo, uzazi au ndoa inayovunjika, na Kiswahili chake ni kile cha mjini, chenye Kiingereza cha ofisini ndani yake. Sehemu ya Tumaini, mwenye duka na deni, ndiyo imara kuliko zote, maana hofu yake inaonekana katika namna anavyohesabu fedha. Sehemu nyingine zinatoa machozi kabla hayajaiva.

Inabaki Vuta N'Kuvute, ambayo kwa wasomaji wa Kiswahili ndiyo sinema kubwa ya mwaka. Iliongozwa na Amil Shivji, aliyeiandika pamoja na Jenna Bass, ikaonyeshwa Toronto mwezi wa Septemba 2021. Mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001. Mwezi mmoja baada ya Toronto, Abdulrazak Gurnah akapewa tuzo ya Nobel, na mwezi wa Novemba UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Unguja ilikuwa inasomwa kila mahali, kwa Kiingereza. Shivji aliileta kwa lugha yake.

Riwaya ya Adam Shafi ilichapwa mwaka 1999, na imesomwa na vijana wengi wa Tanzania katika kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo mwelekezi alikuwa na wasomaji wakali wakimngoja. Riwaya inaanza na Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka kumi na tano, ambaye ameozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mara nyingi. Wanahamia Mombasa, Yasmin anamkimbia mumewe na kurudi Unguja, jamaa zake wanamkataa, naye anapokewa ng'ambo na Mwajuma, mwimbaji wa taarabu. Hapo ndipo anapokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye Waingereza wanamwinda kwa ajili ya siasa zake. Filamu, yenye muda wa saa moja na nusu hivi, haikuweza kuibeba safari hiyo yote. Imewakutanisha Yasmin na Denge usiku, wakati ambapo Yasmin yumo njiani kupelekwa kuolewa.

Badiliko hilo linaonekana dogo kwa asiyesoma kitabu, lakini limegeuza maana. Yasmin wa riwaya anafika kwa Denge baada ya kuonja ndoa, safari, upweke na ufukara, na kila hatua imemfundisha kusema la. Mapenzi yake ni tunda la uamuzi aliokwisha ufanya peke yake. Yasmin wa filamu anamwona Denge kabla ya arusi, na kwa sababu hiyo uasi wake una hatari ya kuonekana kama umewashwa na macho ya mwanamume. Ikhlas Gafur Vora ameigiza kwa utulivu mkubwa, na kwa utulivu ule amejitahidi kumrudishia Yasmin akili yake. Mara nyingi anafaulu. Hata hivyo mzigo huo haukupasa kuachwa kwa mwigizaji.

Pia liko suala la msimulizi. Nguvu ya Shafi haiko katika matukio tu. Iko katika sauti inayosimulia, sauti ya mtu wa mjini anayejua kila kichochoro, anayesengenya kidogo, anayecheka kabla ya kuhuzunika, na anayetumia methali kama mtu anavyotumia viungo jikoni, bila kupima. Sinema haina mahali rahisi pa kuiweka sauti hiyo. Shivji ameiachia picha ifanye kazi ya msimulizi: vichochoro, milango, nuru hafifu juu ya kuta za chokaa, nyuso zinazosimama muda mrefu kabla ya kujibu. Picha hizo ni nzuri mno, na ndipo lilipo tatizo. Unguja ya Shafi ina kelele, jasho na uchekeshaji. Unguja ya filamu imetulia kama picha iliyotundikwa ukutani. Watu wake wanasema kidogo, tena kwa mwendo mmoja. Msomaji wa riwaya anakosa ule ubishi wa barazani ambao ndani yake siasa za miaka ya 1950 zilikuwa zikipikwa. Denge, aliyeigizwa na Gudrun Columbus Mwanyika, ni shujaa wa kuvutia, lakini Denge wa kitabuni alikuwa pia mtu wa maneno, na mkoloni aliyaogopa maneno yake kuliko mikono yake.

Hasara hiyo inalipwa na Mwajuma. Siti Amina ni mwimbaji wa Kizanzibari kabla hajawa mwigizaji, na katika filamu hii ameleta kitu ambacho karatasi haikuweza kukichukua, yaani lafudhi. Mwandishi wa riwaya anaweza kuandika kwamba mtu anasema kwa madaha. Hawezi kuyafanya madaha yasikike. Mwajuma anapozungumza, vokali zinavutwa na kuachiwa pale pale zinapopaswa, na anapoimba, hadithi nzima inapata makao. Hapo filamu inaipita riwaya, wala si jambo la kuona haya kusema hivyo.

Watazamaji wa Toronto waliyasoma hayo yote katika Kiingereza, na hapo hesabu ya mwaka inarudi mahali pake. Neno shoga, ambalo wanawake wa Unguja huitana kwa mapenzi na ambalo bara limekwisha pata maana nyingine, halina mwenzake. Mfasiri akiandika rafiki amepoteza ujirani, ukewe na umri wake kwa mara moja. Jina la filamu lenyewe linaonyesha shida hiyo. Kwa Kiingereza imeitwa Tug of War, jina la mchezo wa kamba, ambao mtu huutazama kutoka nje. Vuta nikuvute imo ndani ya kamba: kwanza ni amri kwa mwenzio, kisha ni jibu, na nafsi mbili zimefungwa katika kitenzi kimoja kilichorudiwa, wa kwanza akimchokoza wa pili avute ili naye apate kuvuta. Mapenzi ya Yasmin na Denge yamo humo, na siasa ya nchi yao pia. Yapasa mazungumzo ya filamu hii yachapwe kitabuni kwa Kiswahili chake, pamoja na maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha, ukurasa kwa ukurasa, ili walimu wa kidato cha tano na cha sita wapate kuyaweka kando ya riwaya.